Jinsi ya Kutumia Mashine ya TENS Nyumbani kwa Maumivu ya Goti

"Pedi nizibandike wapi?" "Nipandishe mpaka namba ngapi?" "Mbona nimeitumia mwezi mzima na goti halijapona?"

Maswali haya matatu yananifikia karibu kila wiki tangu mama yangu aanze kutumia mashine ya TENS, kifaa kidogo kinachopitisha umeme mwepesi kwenye ngozi kupitia pedi za kunata ili kupunguza maumivu, aliyoletewa na kaka yangu kutoka Maskati. Anauliza jirani, anauliza shangazi, anauliza mama tuliyekaa naye kwenye foleni ya kliniki. Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti na kwa kuchora goti nyuma ya risiti. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, kama tulivyofundishwa kwenye chumba cha fiziotherapia na kama tulivyojifunza wenyewe nyumbani.

Nianze na swali la tatu, kwa kuwa ndilo linalowaumiza watu zaidi. TENS haiponyi goti. Gegedu lililolika, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, halioti upya kwa sababu ya umeme, hata tangazo liseme nini. Mashine hii hupunguza maumivu kwa muda, na muda huo ndio wa kufanyia mazoezi ya kuimarisha paja, ambayo ndiyo yanayolisaidia goti. Ujue pia kwamba mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unawaambia wahudumu wasitoe TENS kama tiba ya magoti yaliyolika, kwa kuwa ushahidi wa faida yake hautoshi. American College of Rheumatology, chama cha Marekani cha wataalamu wa magonjwa ya viungo, nayo ilipinga matumizi yake kwenye mwongozo wake wa 2019. Wote wawili wanayapa mazoezi nafasi ya mbele. Kama bado hujanunua mashine na fedha ni ya mawazo, nunua kwanza fimbo nzuri, na nauli iliyobaki ikupeleke kwa mtaalamu wa viungo.

Naandika hata hivyo kwa sababu mashine hizi tayari zimo majumbani, zimeletwa na watoto walio nje au zimenunuliwa maduka ya vifaa tiba, na watu wanazitumia vibaya. Tena wapo, mama akiwa mmoja wao, ambao bila ile nusu saa ya ahueni hawawezi hata kuanza mazoezi.

Usiiwashe kabla ya kusoma hapa

Usitumie TENS kabisa bila ruhusa ya daktari ikiwa:

- una kifaa kilichopandikizwa mwilini cha kuendesha au kushtua mapigo ya moyo;
- una mimba;
- una kifafa;
- una saratani, hasa ikiwa iko karibu na eneo unalotaka kubandika pedi;
- umewahi kuambiwa una damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, au shavu la mguu limevimba upande mmoja na linauma ukiliminya.

Usibandike pedi juu ya kidonda, upele, ngozi iliyoungua au ngozi iliyokufa ganzi. Hilo la ganzi liwaguse hasa wenye kisukari. Wengi wao miguu imepoteza hisia kidogo kidogo bila wenyewe kujua, na mtu asiyehisi anaweza kuongeza umeme mpaka ngozi ikaungua.

Na yako magoti ambayo si ya kutibia nyumbani hata kidogo. Goti lililovimba ghafla, la moto, jekundu au linalong'aa, pamoja na homa, linaweza kuwa na maambukizi ndani ya kiungo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Goti lililoumia kwenye bodaboda ukashindwa kulikanyagia linahitaji picha. Goti lililokwama lisikunjuke, goti la mtoto, goti linalouma usiku kucha huku mwili unakonda: haya yote yaangaliwe kwanza. Kwetu huku kifua kikuu huingia hata kwenye viungo, na selimundu nayo huuma magotini. Ukiyafunika maumivu hayo kwa mashine, unachelewesha matibabu.

Vitu vya kuandaa

- Mashine yenyewe, ikiwezekana yenye chaneli mbili, yaani matundu mawili ya nyaya, ili ubandike pedi nne. Yenye chaneli moja nayo inafaa.
- Pedi za kunata zenye ukubwa wa kama sentimita 5 kwa 5. Pedi ndogo sana huchoma.
- Betri mpya, au chaji iliyojaa.
- Maji, sabuni isiyo na mafuta mengi, na taulo kavu.
- Kiti imara kisicho na magurudumu. Kiti cha plastiki kinachoteleza kiegemeze ukutani.
- Kanga au taulo ya kukunja kama mto mdogo.
- Daftari na kalamu.

Tahadhari kuhusu mashine zilizoletwa kutoka Marekani: chaja ya zamani inaweza kuwa ya volti 110 peke yake, na umeme wetu ni 230 hadi 240. Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ukiona 100–240V, ni salama. Ukiona 110V au 120V tu, usiichomeke.

Angalia pia kama mashine yako ina kazi zaidi ya moja. Nyingi za siku hizi zina TENS, EMS na masaji kwenye kifaa kimoja. EMS ni ya kukaza misuli na huivuta kwa nguvu. Kwa haya tunayoyaeleza hapa, chagua TENS.

Hatua kwa hatua

1. Osha goti na ulikaushe kabisa. Mafuta ya nazi, losheni, Vaseline na dawa ya kuchua vyote vitoke. Mafuta huzuia pedi kushika, na pedi iliyoshika nusu huchoma kama sindano kwa sababu umeme wote unapita mahali padogo. Kama mguu una nywele nyingi, zipunguze kwa mkasi. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana, na mikwaruzo hiyo utaisikia ukiwasha.

2. Pima hisia za ngozi. Fumba macho, mtu akuguse kuzunguka goti kwa pamba, kisha kwa kijiko kilichotoka kwenye maji baridi, na useme unahisi nini na wapi. Usipohisi baridi au mguso mahali fulani, usibandike pedi hapo. Mwenye kisukari afanye kipimo hiki kila mara.

3. Hakikisha mashine imezimwa na haiko kwenye chaji. Usivae mashine mwilini huku waya wake umechomekwa ukutani. Hata kama imeandikwa kwamba inaruhusiwa, mimi siruhusu nyumbani kwetu.

4. Unganisha nyaya na pedi kabla ya kubandika. Sukuma ncha mpaka chuma chote kizame ndani. Chuma kinachobaki nje kikigusa ngozi hushtua.

5. Bandika pedi. Hapa ndipo maswali yanapojaa, kwa hiyo twende polepole. Kaa, kunja goti kidogo, utafute kwa vidole pia ya goti, yaani ule mfupa wa mviringo ulio mbele ya goti. Pedi mbili zikae juu ya pia, kama vidole viwili juu ya ukingo wake, moja upande wa ndani wa paja na nyingine upande wa nje. Pedi nyingine mbili zikae chini ya pia, vivyo hivyo, ndani na nje. Sasa pitisha nyaya kwa msalaba: chaneli ya kwanza iunganishe ya juu-nje na ya chini-ndani, chaneli ya pili iunganishe ya juu-ndani na ya chini-nje. Umeme unakatiza katikati ya goti kutoka pande zote. Mwenye pedi mbili tu abandike moja upande wa ndani wa goti na nyingine upande wa nje, usawa wa pale panapouma.

   Usibandike kwenye pia yenyewe. Ni mfupa mtupu na utaumia. Pedi zisigusane, ziachane angalau sentimita 3. Nyuma ya goti pana mishipa mikubwa, paache mpaka mtaalamu akuonyeshe mwenyewe. Na usidhani kwamba pedi moja ikikaa kwenye goti la kulia na nyingine ya chaneli hiyo hiyo kwenye goti la kushoto ndiyo umetibu yote mawili. Hapo umeme unasafiri kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kila goti lipate chaneli yake, au yapokezane.

6. Chagua mpangilio. Kama mashine yako ina namba, weka masafa kwenye 80 hadi 100 Hz na upana wa pigo kwenye 200 µs au chini kidogo. Kama ina herufi, anza na C au N, ambayo hutoa mtiririko usiokatika. Kama ina picha tu, chagua ya goti na uendelee. Watu hupoteza siku nyingi wakitafuta programu sahihi, na programu haina uzito kama hatua inayofuata.

7. Washa ukiwa kwenye sifuri, kisha pandisha polepole. Kwanza hutasikia kitu. Halafu utasikia mtekenyo mwepesi kama sisimizi wanatembea. Wengi huishia hapo, na ndiyo sababu wanasema mashine haifanyi kazi. Endelea kupandisha mpaka mtekenyo uwe na nguvu, ujae eneo lote, lakini usiume na misuli isiruke. Ukifika kwenye maumivu, shusha kidogo. Namba ya jirani haikuhusu. Mama hutumia 14 kwenye goti la kulia na 18 la kushoto, siku hiyo hiyo.

8. Baada ya dakika 5 hadi 10, ongeza tena kidogo. Mwili huzoea, mtekenyo ukafifia ingawa mashine ni ile ile. Pandisha mpaka urudi kwenye nguvu ya mwanzo.

9. Sasa inuka ufanye mazoezi ukiwa umeivaa. Ahueni ya TENS huwa kubwa zaidi mashine ikiwa inafanya kazi, na hupungua ukishazima. Ining'inize kiunoni, nyaya zipite ndani ya kanga au suruali zisije zikakukwaza. Mazoezi yapo hapa chini.

10. Maliza baada ya dakika 30, zisizidi 60. Rudisha namba kwenye sifuri, zima, ndipo ubandue. Mara ya kwanza nilimbandua mama mashine ikiwa bado inawaka. Pedi ilipobaki imeshika pembe moja alirushwa mguu na akakataa kuiona mashine siku tatu. Bandua kwa kushika ukingo wa pedi, usivute waya.

11. Hifadhi pedi na uandike. Rudisha pedi kwenye nailoni yake, mahali pa baridi. Kwenye daftari andika maumivu kwa namba kutoka 0 hadi 10, kabla na baada.

Unaweza kurudia mara mbili au tatu kwa siku, ukiachanisha saa kadhaa. Usiivae ukilala, ukiendesha gari au pikipiki, ukioga, wala ukiwa jikoni na sufuria mkononi.

Swali la "inafanyaje kazi?" nalijibu kwa ufupi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango: taarifa nyingi za mguso zikipita, za maumivu hubanwa. Ndiyo maana mtoto akijigonga hujisugua. TENS inasugua kwa umeme.

Mazoezi ya ile nusu saa

Matatu yanatosha kuanzia.

*Kukaza paja.* Kaa kitandani au kwenye mkeka, mguu umenyooka, kanga iliyokunjwa iwe chini ya goti. Ikandamize kanga kwa goti huku unakaza msuli wa juu ya paja. Hesabu hadi 5, achia. Mara 10. Hata mtu mwenye maumivu makali huliweza hili.

*Kuinua mguu.* Lala chali, mguu mmoja umekunjwa, mwingine umenyooka. Kaza paja kwanza, kisha inua mguu ulionyooka kama sentimita 20 hadi 30, hesabu 5, shusha polepole. Mara 10 kila mguu.

*Kuketi na kusimama.* Kaa kwenye kiti, simama bila kujisukuma kwa mikono, keti polepole bila kujibwaga. Ukishindwa, ongeza mto juu ya kiti. Kiti kirefu ni rahisi zaidi. Zoezi hili ndilo nalipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo litakalokurudishia choo cha kuchuchumaa, mkeka wa sala, na ngazi ya daladala. Tumia pia kiti hicho kujipima: kila Jumapili hesabu umesimama mara ngapi kamili ndani ya sekunde 30, uandike. Mama alianza na 5.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi yanavumilika. Yakiongezeka na kuendelea mpaka kesho yake saa kama hizo, umezidisha. Punguza idadi, usiache kabisa.

Moto, barafu na fimbo

Vitu hivi ni vya bei ndogo na huenda vikakusaidia kuliko mashine.

Goti linalokakamaa asubuhi hupenda moto. Jaza chupa ya mpira maji ya moto yasiyochemka, ifunge kwa taulo, weka dakika 15 hadi 20. Goti lililovimba baada ya kutwa ya kusimama sokoni hupenda baridi: barafu ndani ya kitambaa chenye unyevu, dakika 10 hadi 15. Usiweke barafu tupu kwenye ngozi. Usiweke moto juu ya dawa ya kuchua, utaungua. Ngozi yenye ganzi isipate moto wala barafu, na mwenye selimundu akae mbali na barafu.

Fimbo hushikwa mkono ulio kinyume na goti bovu. Goti la kulia likiuma, fimbo mkono wa kushoto, na fimbo itangulie pamoja na mguu unaouma. Karibu kila mtu hushika upande ule ule unaouma, na hapo haimpunguzii mzigo inavyotakiwa. Urefu wake: simama umevaa viatu, mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini iwe na kipira; vigae vilivyolowa havina huruma.

Kuhusu uzito, nitasema moja tu: kila kilo unayopunguza humpunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Ikikusumbua

*Sisikii kitu kabisa.* Angalia betri, kisha ncha za nyaya. Hamisha waya wa chaneli ya kwanza kwenda ya pili. Ikifanya kazi, chaneli ndiyo mbovu. Isipofanya, waya umekatika kwa ndani. Nyaya huuzwa peke yake, usitupe mashine.

*Mashine inajizima au namba inarudi sifuri.* Mara nyingi pedi moja imeachia. Mashine nyingi hujikata zenyewe zikikosa mguso.

*Pedi hazinati.* Dondoshea tone la maji safi kwenye upande wa gundi, sambaza kwa kidole, subiri dakika chache. Kwa joto la Dar au Mombasa, jasho huziua mapema. Kaa karibu na feni. Pedi hutumika kama mara 20 hadi 30. Zikipita hapo, usizifunge kwa selotepu ili zishike, nunua nyingine. Wala usichangie pedi na mtu mwingine.

*Inachoma ukingoni.* Pedi imekauka au haijalala sawa. Zima, bandua, anza upya.

*Ngozi imekuwa nyekundu.* Wekundu mwepesi unaoisha ndani ya saa moja au mbili si tatizo. Ukibaki mpaka kesho, ukawasha au ukatoa malengelenge, acha. Huenda ni mzio wa gundi. Uliza pedi za ngozi nyepesi.

*Misuli inaruka.* Umepandisha mno, au uko kwenye EMS.

*Ilinisaidia wiki ya kwanza, sasa haisaidii.* Mwili umezoea. Jaribu herufi M, inayobadilisha mapigo yenyewe, au shusha masafa mpaka 2 hadi 4 Hz, utasikia kama unagongwa polepole na misuli itacheza kidogo. Hapo dakika 20 hadi 30 zinatosha. Sogeza pia pedi sentimita moja au mbili.

*Goti linauma zaidi baada ya kutumia.* Punguza nguvu na muda siku mbili. Likiendelea, au likivimba, acha na uende kuangaliwa.

*Wiki mbili zimepita na daftari halijabadilika.* Umebandika sawa, umepandisha vya kutosha, na bado namba za kabla na baada ni zile zile: basi goti lako haliitikii TENS, na wapo wengi wa namba hiyo. Toa betri zisije zikavuja humo ndani, rudisha mashine kwenye boksi. Mazoezi yale matatu yaendelee, na daftari hilo hilo mchukulie mtaalamu wa viungo, ataanzia hapo.